Nane Iliyosomeka Sifuri

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Kariakoo yote ni tope. Meza yangu ya ufundi haikulowa, ila mimi mwenyewe siko sawa.

Asubuhi Mama Aika, jirani yangu hapa sokoni, muuza ndoo, alikuja anacheka. "Dada fundi, Mungu akubariki. Presha ya Baba Aika jana ilikuwa mia na tatu tu. Tangu juzi hajameza kidonge."

Nikacheka naye. Kisha moyo ukanilipuka, maana presha ya mzee yule huwa haipungui mia na sabini.

Mashine yao ya kupimia niliitengeneza mimi Jumatatu, tarakimu zilikuwa hazionekani vizuri. Kwenye mashine zile, kioo kinaunganishwa na saketi kwa utepe laini wa plastiki. Utepe huo hauchomelewi kwa risasi ya kuyeyusha kama waya. Unagandishwa kwa gundi yenye chembechembe za kaboni, ndogo kuliko vumbi la unga. Ukiipasha moto na kuibana, chembe zinakamatana na njia za umeme za pande zote mbili. Usipobana sawasawa, njia moja inabaki imekufa, na kijistari kimoja cha tarakimu hakitokei.

Nane ikikosa kijistari cha katikati, inasomeka sifuri.

Ukiiwasha, mashine huanza kwa kuonyesha nane tupu, ili fundi akague vijistari vyote. Jumatatu niliiwasha huku nabishana bei na mteja mwingine. Niliona namba zimetokea, nikaifunga.

Tulichukua bajaji mpaka kwao Upanga. Mzee alikuwa amelala, kichwa kinamgonga. Nikawasha mashine: nane, sifuri, nane. Tukamkimbiza hospitali, wakampima kwa mashine yao. Mia na themanini na tisa.

Mafundi tuna neno letu la kujiokoa: "Ilikuja hivyohivyo." Lilishanifika mdomoni. Nikalimeza, nikamwambia Mama Aika pale kwenye benchi kwamba kosa ni langu na jinsi nilivyolifanya.

Akanigeukia.

"Ungeniambia mashine imezeeka ningekuamini," akasema. Kisha akanipa ncha ya kanga yake nijifute uso. Sikustahili, na niliipokea.

Mzee amerudishiwa dawa na presha imeanza kushuka. Wanamwangalia mpaka kesho. Nina aibu, lakini nashukuru.

Ila Jumatatu ileile nilibana mashine mbili. Ya pili aliileta dereva mmoja wa bajaji, ni ya mama yake. Sikumuuliza hata jina. Kesho sifungui meza. Nitapita kituo kimoja cha bajaji baada ya kingine mpaka nimpate.

Alisema mama yake hupima kila asubuhi, ndipo anaamua kama atameza dawa.