Malaria Haigawi Sufuria

Ziwani, Nairobi
14 Agosti 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Ndete,

Habari za huko Mutomo? Goti lako je, siku hizi unafika kanisani bila kupumzika njiani? Mdogo wangu Muoki aliniambia mbuzi wako amezaa mapacha, nikafurahi sana. Mume wangu Kiema anakusalimu, bado anaendesha lori la mchanga na kila jioni anatuletea nusu ya mchanga huo nyumbani kwenye nguo zake. Vivian yuko gredi ya pili. Mdogo wake Nthoki ana miezi minne, amenona, anacheka na kila mtu. Asiye mzima ni mimi, na hilo unalijua, kwa sababu nimekupigia simu mara tatu.

Nikikuuliza habari za mahindi unanisikia vizuri. Nikikuuliza marehemu mama aliugua nini alipomzaa Muoki, mtandao unapotea. Mara ya mwisho ulisema, "Ilikuwa malaria, Kamene, wacha wafu walale," halafu simu ikakatika. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata.

Baada ya kujifungua nililia wiki sita. Namwogesha mtoto, nalia. Nasonga ugali, nalia. Siku ya chanjo muuguzi alimpima Nthoki, akaandika kwenye kitabu chake, kisha akaniangalia: "Na mama yake je?" Nikaanza kulia tena. Wakanipeleka kwa daktari wa akili papo hapo kliniki, anaitwa Warigia, mpole lakini hapendi kuzungushwa. Akaniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua akili, hasa baada ya kuzaa. Nikamjibu vile nyinyi wakubwa mlitufunza. Hakuna.

Akanipa vidonge akiamini jibu langu. Baada ya wiki mbili niliacha kulia, nikamshukuru Mungu. Wiki ya tatu nikaacha kulala, na wala sikuchoka. Nilifua mapazia yangu, nikaingia kwa majirani nikafua na yao. Jirani yangu Wanja, yule asiyejua kunyamaza, alisimama na ndoo yake akaniambia, "Mama Vivian, hilo bafu umeliosha mara tatu tangu asubuhi. Kwani kuna mtu anataka kulala humo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hiyo hiyo nilimpa mama mmoja mpita njia viatu vya shule vya Vivian, na hakuwa ameniomba. Jumatatu mtoto wangu alienda shule na patipati za bafuni. Ni Wanja aliyenishika mkono akanirudisha kliniki, Nthoki akiwa mgongoni mwake.

Nikiwa namweleza daktari habari ya viatu ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa na miaka mitano, tuko kwako. Mama amesimama langoni, anaimba, anagawa sufuria zetu kwa wapita njia, hata ile kubwa ya kupikia muthokoi. Na wewe unawafuata watu barabarani ukiomba zirudishwe, moja moja. Mama Mkubwa, malaria haigawi sufuria!

Daktari alisimamisha vile vidonge. Hakunigombeza. Alisema kuna wanaolia tu, na kuna wanaolia kisha wanapanda juu kama nilivyopanda mimi, na dawa zao si moja. Akijua mama alivyougua itamsaidia kuchagua. Kwa sasa amenipa ya kunituliza mpaka nirudi tarehe 26. Sitaki abahatishe, na makosa ya kwanza hayakuwa yake. Yalikuwa ya jibu langu.

Kwa hivyo naomba unijibu. Mama alianza kwa kulia? Alikaa siku ngapi bila kulala? Ulimpeleka wapi, na huko alipewa nini? Maana alipona! Alirudi Nairobi akauza mboga soko la Muthurwa miaka kumi na miwili, akatusomesha, akacheka vizuri kama watu wengine. Kuna kitu kilimsaidia, na anayekijua umebaki wewe peke yako. Umekikalia kama aibu, na mimi ndicho ninachokitafuta.

Najua unaogopa wanawake wa kanisa, na unaogopa wasichana wangu wataolewa na nani. Nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Sitaki siku moja Vivian aketi mbele ya daktari na mtoto mchanga, aulizwe swali hili, naye ajibu malaria.

Si kwamba nakulaumu. Nakumbuka ukimlisha mama uji kwa kijiko, Muoki umembeba mgongoni, mimi nimeshika leso yako sikuachi hata ukienda chooni. Ulituuguza sisi wote watatu. Sioni cha kuficha hapo.

Barua hii anakuletea Muoki, atakaa kwako mpaka Jumapili. Hajui kilichomo, naye amekuzwa na hadithi hiyo hiyo ya malaria. Macho yakikusumbua, msimulie aandike yeye. Ndiye mtoto aliyezaliwa wakati ule, na sasa ana ndevu. Tafadhali asirudi na mahindi tu.

Jambo la mwisho. Nthoki alipozaliwa ni wewe uliyepiga simu, na siku hiyo mtandao haukupotea, ukasema huyu wa pili ni wa upande wetu, lazima aitwe jina la mama. Nilikubali. Jina hilo naliita kutwa nzima, nikimnyonyesha, nikimbadilisha nguo. Ulinipa jina la mama yangu. Sasa nipe na habari zake.

Nisalimie Mjomba Nyamai na dada Ndinda. Mungu akutunzie goti na mbuzi zako, na akufungue mdomo.

Wako akupendaye, hata nikiwa nimekukasirikia,
Kamene