Ngozi Niliyokupa, Zubeda

Kwako Zubeda, dada yangu wa ziwa moja,

Unajua mimi si mtu wa maneno. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea. Hata dukani kwenu Ndia Kuu, mteja akiniuliza jina langu, ulijibu wewe. Kwa kalamu naweza kidogo, basi nivumilie.

Mama amenisimulia mara nyingi jinsi tulivyokuwa ndugu. Ulipozaliwa, tumbo lako lilikataa maziwa ya mama yako mzazi. Ukinyonya, unayarusha mpaka ukutani. Wakasema ni maradhi ya tumbo yanayowapata watoto wachache sana, na ukabaki mifupa. Mama yangu, Mswahili, jirani yenu nyinyi Wahindi mlango kwa mlango, alikuwa bado ananinyonyesha mimi. Akakuchukua, akakupa ziwa la kushoto, mimi nikabaki na la kulia. Ya kwake hukuyarusha. Tangu hapo baba yako, Ami Yakub, akaniita mwanawe. Nawe ulipokua ukaanza kuvaa buibui, mbele yangu hukujifunika, maana ndugu hafunikiwi.

Kisha ikaja ile stovu. Ilipolipuka jikoni kwenu, moto ulikushika begani ukateremka mkono mzima. Hospitali, daktari Mzungu alisema kidonda ni kikubwa, hakitajifunga chenyewe. Labda ajaribu kukibandika ngozi ya ndugu. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, kwa Kiingereza changu cha shule.

"Anauliza kama Zubeda ana ndugu," nilimwambia Ami.

Ami hakungoja nimalize. Alinishika bega akanisogeza mbele. "Mwambie huyu hapa."

Maziwa hayakutajwa. Kwetu hilo lilikuwa limekwisha semwa zamani.

Walinichuna pajani, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, wakakutandika navyo. Bandeji ilipofunguliwa, vilikuwa vimeshika. Mama yako alilia. Wewe ukautazama mkono, ukanitazama mimi.

"Kaka, mkono huu sasa Mswahili, huu Mhindi. Nikiolewa itakuwaje?"

"Utaolewa na wawili."

"Haya, kumbe una ulimi," ulisema, ukacheka mpaka muuguzi akatufokea.

Sikuwahi kujiona mtu wa maana kama siku zile. Nilikuwa nakuja kila jioni kuutazama mkono wako, kama mtu anayetazama mche alioupanda.

Halafu kingo zikavimba. Zikageuka rangi, na vipande vikaanza kubanduka kimoja kimoja, kama karatasi iliyolowa. Ukaniambia, "Pole, kaka," kana kwamba nilikuazima kitu nawe umekivunja.

Habari ilifika mtaani kabla yangu. Jirani yetu Bi Rukia alikuwa amekaa barazani kwake, akasema kwa sauti nisikie: "Si nilisema? Maziwa ni maziwa, damu ni damu."

Mama alikuwa anafagia mlangoni. Hakuinua hata kichwa. "Na alipokuwa anakufa na njaa, Bi Rukia, hiyo damu ilikuwa wapi?"

Mama hakuyumba. Mimi niliyumba, Zubeda, na hili sijamwambia mtu. Niliamini mwili wako umejua tusiyotaka kuyajua sisi: kwamba mimi ni mtu wa nje niliyepitishwa mlango wa ndugu. Niliona haya hata kukaa karibu na kitanda chako.

Mwishowe nilimwendea daktari peke yangu, bila kutumwa, nikamweleza habari zote za maziwa. Alivua miwani akanisikiliza. Akasema hata tungekuwa wa mama mmoja na baba mmoja, ingebanduka vile vile; alijaribu tu kwa kukosa njia nyingine. Ngozi ya mtu mwingine hushika kwa muda, kisha mwili huigundua na kuitupa. Labda ngozi ya pacha wa kufanana kabisa ndiyo mwili hauitupi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hatujui bado."

Nilirudi mbio nikutafsirie. Homa ilikuwa imekwisha kukuchukua akili. Nilikuambia yote, kwa Kiswahili, taratibu, nawe ulikuwa unamwita mama, na sijui ulimwita yupi.

Makaburini mchimba kaburi aliuliza, "Maharimu wake ni nani, wanaume wasioweza kumwoa? Nataka wawili, washuke." Ami alitangulia, akishikwa mkono kwa sababu ya magoti yake. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya watu. Nilikwisha kukataliwa mara moja, na kukataliwa tena, mbele ya mtaa mzima, nisingestahimili. Mtu mmoja akaninong'oneza, "Pisha, kijana, jamaa zake wapite."

Ami alimsikia kutoka mle shimoni. "Jamaa gani? Nduguye ni huyo. Shuka, mwanangu."

Nikashuka. Wakatanda nguo juu yetu, wakakuteremsha, nikakupokea upande wa kichwa. Ulikuwa mwepesi mno. Nilikulaza kwa ubavu wa kulia nikalegeza fundo la sanda.

Mwili wako haukunijua, dada, nami sina kinyongo nao. Bado sijazoea kusema mbele za watu. Lakini juzi mwalimu mgeni alituuliza darasani kila mmoja ana ndugu wangapi. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikajibu mwenyewe: nilikuwa na mmoja.

Mungu akulaze pema,

Kaka yako wa ziwa