Kipande cha Mpira Juu ya Difu

Jumamosi. Baridi ya Julai bado haijatuachia. Ukungu ulikaa juu ya vilima vya Kalama mpaka karibu saa tano, na jua lilipotoka halikuwa na nguvu ya kukausha hata leso.

Nimerudi kutoka kwa fundi. Difu haivuji tena, na bado sina furaha.

Nieleze kwanza, maana kueleza ndiyo kazi niliyoizoea. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu ya injini, huingia humo kutoka mbele, na pale inapoingia pana pete ya mpira inayoitwa sili, kazi yake kuzuia oili isitoke. Yangu imevuja mwaka wa nne huu. Nilikuwa naweka karai chini ya gari, naongeza oili, siku zinakwenda. Juzi, nikipanda mlima kutoka sokoni, difu ikaanza kulia kama nyuki ndani ya debe. Ikabidi niteremke mjini.

Aliyebadilisha sili mara ya mwisho ni mdogo wangu, Kioko. Alitengeneza malori Mlolongo miaka mingi, kisha akarudi kulima Ekalakala. Alikuja hapa kwangu, akashinda chini ya gari siku nzima, akala sahani mbili za isyo, mahindi na maharagwe ya mke wangu. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikimpa spana. Sikumwona uso. Niliona miguu yake tu, kwenye zile sandali zake za tairi, na mkono unaotokeza ukidai, "Kumi na saba. Hiyo ni kumi na nne, mwana wa mwaitu, ama shule ilikupita?"

Mwana wa mwaitu ni mwana wa mama yangu. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo.

Wiki mbili baadaye oili ilianza kudondoka. Tulikutana kwenye maombi ya familia, na mbele ya watu wote nikamwambia alizoea malori ya watu wasiouliza, na kwamba ameniharibia gari. Alisema neno moja tu: "Acha niangalie chini."

Nikamwambia asiliguse tena.

Akanawa mikono, ingawa chakula kilikuwa bado sahanini, akaondoka. Hatujasemezana tangu siku ile.

Fundi wa leo anaitwa Mueni, mama wa makamo mwenye karakana ya mabati nyuma ya soko. Alifungua propela, akamulika tochi, akaniita nilale chini nione. Kwenye nati kubwa inayokaza shafti ya difu palikuwa na nukta ndogo iliyopigwa kwa panchi, na nyingine kwenye shafti, zimetazamana sawasawa. Maana yake ni hii: nyuma ya nati kuna beringi, zile gololi zinazobeba shafti, zilizobanwa kwa kipimo. Ukikaza kupita kiasi zitaungua, ukilegeza zitacheza. Fundi mwangalifu huweka alama kabla ya kufungua, ili nati irudi palepale ilipokuwa.

"Huyu alikuwa na mkono," Mueni alisema. "Yuko wapi siku hizi? Nataka kumsalimia."

"Yuko mbali," nikajibu.

Ekalakala si mbali.

Kisha akaichomoa sili, akaigeuza kwenye kiganja. Haikuwa imechanika. Ilikuwa imesukumwa kutoka ndani. Akapapasa juu ya ekseli, mahali penye kibomba kidogo cha kupumulia. Difu hupata joto ikitembea, hewa ya ndani hutanuka, na kibomba hicho huitoa. Chetu kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kuzungushiwa waya.

"Woi, mzee! Hii difu ni sufuria ya isyo imefunikwa na ikawekewa jiwe," alisema Mueni akicheka. "Si lazima ingetapika? Hata ungeweka sili kumi." Halafu akatikisa kichwa. "Kumbe huyo fundi wako alikuwa na mkono, akili akaacha nyumbani."

Mimi nilikuwa nautazama ule waya. Umesokotwa kuelekea kushoto. Mimi hutumia mkono wa kushoto, na kila waya wa ua langu umesokotwa hivyo.

Nikakumbuka yote. Siku chache baada ya Kioko kumaliza kazi, mvua kubwa ilinyesha na mto ukapita juu ya barabara. Niliwahi kusoma kwamba maji yanaweza kuingia kwenye difu kupitia kibomba kile. Basi nikakifunga, nikamweleza mke wangu kwa kirefu sababu ya kufanya hivyo, nikavuka. Kukifungua nikasahau.

Sikusema mara moja. Hili naliandika kwa aibu. Mueni alikuwa tayari ameshamlaumu, na ningenyamaza kidogo tu, lawama ingebaki kulekule nilikoiacha miaka minne.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi nilifunga."

Mueni aliniangalia, akacheka kidogo, akarudi kwa kazi yake. Alitia sili mpya, akarudisha nati mpaka nukta zikatazamana tena.

Nilipokuwa naondoka aliniambia nifanye safari ndefu, difu ipate joto, kisha nikague kama pakavu. Nimewaza jioni yote hii ni safari gani. Ninayoijua ni moja.

Nimezoea kumweleza kila mtu kila kitu, lakini sentensi ya kumwambia Kioko siipati. Nimeiandika mara tatu hapa na kuifuta. Kila mara ilikuwa inaeleza mambo ya mvua na mto.

Kesho nitatoka baada ya misa ya kwanza. Kile kipande cha mpira wa tyubu nimekitia mfuko wa shati, na waya wake. Nikifika nitaegesha uwanjani kwake na kuzima injini. Namjua. Hata kama hatanisalimu, hataweza kuliacha gari bila kulala chini na kuangalia.

Nitakaa pale, niiangalie miguu yake. Mkono utakapotokeza kudai spana, nitauwekea ule mpira.