Mama wa Gesima Aliposikia Niliyosema

Kisii mjini,
Jumapili

Dada Mghoi,

Nakusalimu wewe na mama. Je, sasa anaweza kuketi kitandani mwenyewe, au bado anashikwa? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Nimefanya jambo linaloninyima raha. Unajua mimi ni karani katika chuo cha washauri nasaha. Hapa mwanafunzi humsikiliza mtu mwenye shida, huku mwalimu na wanafunzi wengine wakifuatilia nyuma ya kioo. Kisha zamu hugeuka: walio nyuma ya kioo huzungumza juu ya waliyosikia, na mwenye shida huwasikiliza. Mwalimu wetu, mzee Ondieki, hataki hukumu. Husema mwenye shida ndiye anayeyajua maisha yake.

Jumanne wanafunzi wanaotoka Manga walichelewa kwa mvua, Mwalimu akaniita nijaze kiti. Mwanafunzi aitwaye Kerubo alikuwa akimsikiliza mama mmoja wa Gesima, mchuma chai, ambaye tangu mumewe azikwe hulala jikoni. Nyumba kubwa hawezi kuiingia. Zamu yetu ilipofika nikasema, "Najiuliza watoto wake wako wapi."

Yule mama akainuka. "Wanangu unawajua, wewe?" Akachukua mwavuli, akaenda zake.

Kerubo alilia, akasema anaacha masomo, kwani mama alimwamini yeye. Nikamwomba Mwalimu anifukuze kazi.

"Nikikufukuza, yule mama atakuwa amepata nini?" akaniuliza.

Laiti angenifokea! Badala yake alituma ujumbe wa kuomba radhi, na kumsihi mama aje atuambie tulipomkosea.

Ijumaa alikuja. Mwalimu akamuuliza tufanyeje.

"Kerubo namtaka," akasema. "Huyu karani akae nje."

Kerubo akapangusa macho, akavuta viti. Nilipokuwa nikitoka, mama akanishika mkono. "Na mama yako wewe, yuko na nani?"

"Na dada yangu."

Akaniachilia, akafunga mlango mwenyewe.

Dada, nilikutaja kana kwamba kukutaja kunatosha. Katika barua zangu zote sijawahi kukuuliza kama wewe unapata usingizi. Niambie bila kunificha: nani humgeuza mama usiku, nawe umechoka kiasi gani? Naogopa kuomba likizo, kazi yenyewe bado changa, lakini kesho nitaiomba. Nikija, wewe utalala.

Msalimie shemeji, na shangazi anayekusaidia kufua. Mama mwambie namkumbuka. Hayo mengine usimsomee.

Mdogo wako aliyekuachia yote,
Mwakio