Anaumwa Sana, Njooni Mmwone

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa limekuwa na rangi ya majivu na milima ya Kongo haionekani kabisa. Nimekaa na shuka begani na chai iliyopoa. Ninaandika kwa sababu vidole vikikaa bure vitapiga simu ambayo sitaki kuipiga.

Kwa mlio wapya hapa: mimi ni mtakwimu katika utafiti wa magonjwa ya moyo na mapafu. Sipimi presha, sisikilizi kifua cha mtu. Wenzangu hupima, mimi huhesabu. Mama yangu, kule Njombe, huwaambia wenzake wa jumuiya kwamba binti yake ni daktari wa moyo huko Kigoma, na nimechoka kumsahihisha. Moyo wake mwenyewe umetanuka, miguu inavimba. Jumapili aliniambia kifua kinambana akipanda kwenda kanisani, nikamwambia aende hospitali, kama ninavyomwambia kila mtu.

Wagonjwa wetu wengi ni watu wa moshi. Kuna wazee waliovuta tumbaku tangu ujana, na kuna wanawake wanaokausha migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa kuni. Wanakuja kliniki, wanapuliza kwenye kipimo cha mapafu, wanapigwa picha ya moyo, wanarudi makwao. Baada ya hapo tunawafuatilia kwa simu. Anayepiga ni Mama Zuhura, muuguzi mstaafu wa Ujiji, mwenye sauti inayoweza kumtuliza mbwa mkali. Anauliza mgonjwa anaendeleaje, kisha anachagua jibu moja kati ya matatu: hajambo, anaumwa, amefariki.

Na karibu hakuna aliyefariki.

Nilifurahi, jamani, niseme ukweli. Profesa wetu wa Dar alifurahi zaidi, akaanza kusema tumegundua kwamba kumpigia mgonjwa simu kunamwongezea maisha. Nikamchorea mstari wa walio hai, umenyooka kama barabara mpya ya lami. Katika kazi yangu mstari huo ukikataa kushuka, mwenye akili anashtuka. Mimi nilienda kula kuku wa kuchoma.

Aliyenishtua ni Bi Mwamvua wa Buzebazeba, mkausha migebuka, ambaye mapafu yake yalikuwa mabovu kuliko ya wengi. Tangu mvua zianze, kila alipopigiwa, jibu la nyumbani kwake lilikuwa lilelile: anaumwa sana, njooni mmwone. Mama Zuhura aliandika "anaumwa", kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Mtu aumwe hivyo muda wote huo bila kukanyaga kliniki hata mara moja? Leo asubuhi nikamwambia Mama Zuhura twende.

Mumewe, Mzee Shabani, alitupokea barazani. Tukamwamkia, akatupa viti. Pembeni niliona chanja ya kukaushia samaki imeegemezwa ukutani, imelowa, inaota kuvu. Hakuna aliyetuambia kitu. Mama Zuhura alisema tu "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun" na kuanza kulia, na hapo mzee naye akalia, kwa sauti, kana kwamba alikuwa ametusubiri sisi ndipo alie.

Baadaye nilimuuliza, kwa adabu kadiri nilivyoweza, kwa nini hakutuambia.

"Niseme kwenye simu, mwanangu?" alinishangaa. "Nimtupie mtu msiba yuko peke yake, akianguka nani amshike? Simu ina mikono? Mke wangu aliwapenda nyie. Kila mlipopiga niliwaambia njooni. Mbona mmechelewa?"

Na wala hakunifundisha kitu kigeni, ndilo linaloniuma. Baba yangu alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Niliambiwa anaumwa, niende nyumbani, nikasafiri kutwa nzima na mfuko wa machungwa ya kumpelekea. Nani katika nchi hii hajawahi kuitwa nyumbani namna hiyo? Nilijua vizuri kabisa, ila nikikaa mbele ya kompyuta nasahau kwamba wagonjwa wangu ni watu wa nchi hiihii.

Njiani nilimuuliza Mama Zuhura kama alikuwa akijua.

"Nilikuwa nashuku," alisema. "Lakini mtu akikwambia mkewe anaumwa, utambishia, Bi Takwimu?"

Tulipita nyumba nyingine Ujiji, kisha Simbo. Yaleyale. Kalinzi hatukufika, barabara ilikuwa tope tupu, lakini huko nako najua tutakachokikuta. Mchana nikarudi ofisini nikaanza kubadilisha majibu ya wale tuliowathibitisha, "anaumwa" ikawa "amefariki", na mstari wangu mzuri ukaporomoka. Nikamwambia Mama Zuhura kwamba kuanzia sasa, mtu akisema mgonjwa anaumwa sana, aulize wazi: yu hai au amefariki? Alinitazama kidogo, akasema sawa. Profesa nimemwandikia. Hajajibu.

Nilifika nyumbani nimechoka, nikabandika chai. Ndipo Festo, mdogo wangu, akapiga.

Festo hapigi simu. Festo hutuma ujumbe wa kuomba vocha.

Aliniamkia vizuri, shikamoo dada. Akauliza kama nimekula. Akauliza habari za mvua za huku, kana kwamba anataka kulima. Kisha akauliza, "Uko na nani hapo?"

Nikasema niko peke yangu.

Nyuma yake nilisikia watu, wengi kuliko wanaoenea sebuleni kwetu, na viti vya plastiki vikiburutwa uani.

"Mama anaumwa kidogo," alisema. "Njoo, dada."

Mchana wote nimekuwa nikilibadilisha neno hilo, "anaumwa", bila kusita hata mara moja. Swali nilikuwa nalo mdomoni, lilelile nililompa Mama Zuhura mchana. Ni fupi. Na Festo hajawahi kuweza kunidanganya tangu utotoni, ningemuuliza angesema.

Sikuuliza.

Nilisema, "Mwambie nakuja."

"Nitamwambia," akajibu, na simu ikakatika au aliikata.

Naogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Nimeishika simu mara kadhaa nimpigie tena, nimeirudisha mezani. Mtu mwenye kazi yangu anapaswa kutaka kujua. Nimelipwa miaka yote hii kwa sababu nataka kujua.

Badala yake nimempigia Mama Zuhura. Nimemwambia mama anaumwa, nimeitwa nyumbani, na nikamuuliza kama ana migebuka mikavu, kwa sababu Mama anaipenda sana na kila likizo lazima nimpelekee. Hakuuliza anaumwa nini. Muuguzi wa miaka yote ile, na hakuuliza. Alisema tu, "Ninayo. Usifunge mlango, mwanangu, nakuja kulala kwako."

Basi la Mpanda linaondoka alfajiri. Kutoka hapo ni Sumbawanga, Mbeya, ndipo Njombe. Huwa nailaani safari hiyo kwa urefu wake, na leo sitaki ifupishwe hata kidogo. Mpaka nifike Mama anaumwa, na mgonjwa haendewi mikono mitupu.