Chupa ya Magome Niliyokutengenezea Kilburn

Yaya Sifa, dada yangu mkubwa,

Mimi si mtu wa barua ndefu, unajua. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika, mimi naweka sahihi chini. Lakini kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, na siku ya kukuzika nilisimama pale na udongo mkononi, bado nikashindwa. Leo nalisema.

Kwanza habari za nyumbani. Tulihama Kilburn. Niko Edmonton sasa, hapa hapa London, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na binti yako Aline yuko na mimi. Ana miaka kumi na minne, ameshanipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili anasikia kila kitu, halafu ananijibu Kiingereza. Na makaratasi ya ukimbizi yalitoka, Yaya. Miezi mitano baada ya kukuzika. Bahasha ilikuwa na jina lako juu, kisha langu, kisha la mtoto. Wamekuruhusu kukaa. Nilikaa kwenye ngazi nikaisoma mara nne, mpaka jirani akanisogeza ili apite na baiskeli yake.

Ile damu yako ilianza ule mwaka watu walipoogopa kwamba kompyuta zote zitazimika. Tulikuwa kwenye kile chumba kimoja juu ya duka la masanduku, sisi wawili na mtoto. Ulisema, "Ni umri tu, umenifikia mapema." Ulikuwa na miaka arobaini na moja. Ukaanza kufua shuka kabla hatujaamka. Nilikuambia twende kwa daktari, nawe ukasema, "Kule wanaandika jina na adresi. Tukae kimya mpaka makaratasi yatoke." Sikubishana sana. Nataka ujue kwamba sikubishana sana, kwa sababu na mimi niliogopa. Jina langu lilikuwa kwenye faili moja na lako.

Ndipo nikamwambia Mama Alta, yule mama wa Jamhuri ya Dominika, kule Karibi, niliyekuwa nasafisha naye ofisi. Yeye hakujua Kifaransa na mimi sikujua Kihispania, lakini akiongea polepole, na mimi polepole, tulikutana katikati. Jumamosi mchana akaja kwetu na mfuko wa karatasi ambao dada yake alimletea kutoka kwao. Ndani kulikuwa na vipande vya magome, mizizi, vijiti vyekundu na majani makavu. Ungedhani ni kuni za kuwashia moto. "Mamajuana," akasema. Kwao mwanamke akijifungua anapewa hiyo tumbo lipate joto. Na wanaume wanainywa kwa sababu zao, akasema, akacheka amefunika mdomo, nawe ukamtazama mtoto haraka kuona kama amesikia.

Tuliviosha vile vijiti, tukavipanga kwenye chupa mpaka nusu, pamoja na mdalasini na karafuu. Akamimina divai ya bei rahisi juu yake, tukaiacha wiki nzima. Aliporudi Jumamosi iliyofuata aliimwaga yote kwenye sinki, nyeusi kama maji ya sufuria iliyoungua, na wewe ukapiga kelele, "Anamwaga dawa!" Akatufahamisha kwa mikono: hiyo ya kwanza hainywewi, inatoa uchungu wa magome tu. Kisha akatia asali, vidole vitatu kutoka chini. Akatia divai nyekundu nzuri. Halafu ramu, ile pombe kali ya miwa, mpaka shingoni. Akaitikisa, akaificha nyuma ya unga kabatini mahali jua halifiki, akainua vidole viwili: wiki mbili. Ikipungua tuongeze tena ramu, divai na asali, vijiti ni vilevile, vinafanya kazi muda mrefu.

Alikuja mwenyewe kuifungua. Wewe mwanakwaya, ambaye hata bia hujawahi kuonja! Nilikuambia, "Ni dawa, Yaya." Ukafumba macho, ukameza kijiglasi kizima, ukakohoa mpaka machozi. "Hii ni pilipili imelala ndani ya asali," ulisema. Tulicheka wote watatu. Aline alikuwa anachora sakafuni, akacheka na yeye bila kujua kwa nini. Sikumbuki kukusikia ukicheka hivyo tena.

Sasa nisikilize.

Nilimsindikiza Mama Alta mpaka kituo cha basi. Pale akanishika mkono juu ya kiwiko, akanibana. Alisema, "Hii ni ya kupasha tumbo joto. Si ya damu. Damu isiposimama, aiache, umpeleke hospitali. Mwambie." Alisema "mwambie" mara mbili, mara ya kwanza kwa Kihispania, mara ya pili kwa Kiingereza chake, ili nisije nikasema sikuelewa. Nilielewa. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilipopanda juu ulikuwa unaosha vile viglasi. Ukauliza, "Amesema nini?"

Nikakujibu, "Anakusalimia."

Ni hilo, Yaya. Nimelibeba miaka mitatu. Nilijua nikikupa yale maneno utakwenda, maana ulimwamini yule mama. Ukienda wataandika jina lako, na chini ya lako wataandika langu. Nilijiambia nitakuambia kesho. Nikajiambia nitakuambia chupa ikiisha. Tuliijaza tena mara tatu. Ilikupa joto, ukalala, na sisi tukaona usingizi huo ni kupona. Huku sketi zako zinakulegea, unazifunga kwa pini.

Ulianguka mazoezini, kwaya ikiwa katikati ya ubeti wa pili. Hospitalini daktari aliuliza damu ina muda gani, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Nikasema miezi miwili. Ilikuwa karibu kumi. Kiingereza cha namba ulikijua. Ulinitazama, kisha ukageuza uso dirishani, ukaniacha na uongo wangu. Wakasema ni saratani, imeanzia kwenye mlango wa kizazi na imeshasambaa.

Hakuna aliyetuomba makaratasi. Baadaye nilimuuliza nesi mmoja, nikijifanya nauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Alinishangaa. Hata wanaosubiri makaratasi wanaona daktari wa mtaa bure, alisema, na hakuna mtu ambaye angewapigia simu watu wa uhamiaji. Wiki saba ukawa umekwenda.

Mama Alta alikuja kwenye mazishi na kitambaa cheusi. Alinivuta pembeni. "Ulimwambia?" Nikasema, "Nilimwambia." Akanikumbatia. Baada ya hapo niliomba shifti nyingine nisikutane naye, halafu nikaacha ile kazi kabisa.

Mwezi uliopita nilipanda treni nikaenda kwake Wembley. Nilimwambia mlangoni, nikiwa bado na koti, maana niliogopa kwamba nikikaa nitakunywa chai na kurudi nayo tumboni pamoja na uongo wangu. Hakupiga kelele. Aliuondoa mkono wake kwenye bega langu. Akasema, "Nilidhani ni dawa yangu iliyomuua." Binti yake alijifungua mwaka jana, Yaya, na yeye hakumtengenezea. Alitupa vijiti vyote alivyokuwa navyo, vya mama yake mzazi. Miaka mitatu alikuwa anajihukumu kwa kosa langu. Nilisema pole. Alitikisa kichwa, akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Niliporudi nilimwambia Aline. Siku mbili hakunisemesha. Alikuwa anakula chumbani, anaacha sahani nje ya mlango. Siku ya tatu alikuja jikoni, akauliza kwa Kiingereza kama uliumia sana. Nilisema ndiyo. Nilitaka kuongeza neno la kumfariji, nikajizuia. Halafu akauliza, "Na bibi anajua?" Hilo aliliuliza kwa Kiswahili.

Mama hajui. Kule Bukavu anaamini uliugua wiki moja ukaondoka. Kila nikipiga simu anasema Mungu alikuhurumia, hakukutesa. Halafu ananishukuru kwa jinsi nilivyokutunza. Ananishukuru, Yaya, anamwita na jirani aje kunishukuru.

Siombi unisamehe. Sijui kama kuna njia ya jibu kunifikia, na kama ipo, sijui kama ningeweza kulisikia. Pumzika tu huko uliko, mahali ambapo hakuna wa kukuandika jina.

Jumamosi hii nitampigia mama nimwambie yote. Aline amesema atakaa karibu yangu. Pengine mama atalia, pengine atanilaani, pengine atanyamaza na dakika za kadi ya simu zitaisha moja moja. Nakuahidi kitu kimoja tu: simu hiyo sitaikata mimi.

Mdogo wako,
Mapendo