Kanisa ya Ngambo ya Barabara

Siku ya ine, mangaribi

Na leo tena imekataa. Siku tatu niko natandika karte, ramani ya zamani ya kijiji ya Fataki, juu ya picha ya satelite, na kila mara mashamba ya watu inaangukia ndani ya mto. Nilichagua alama ine: daraja, soko, njia panda na kanisa. Nikisogeza kanisa ikae vizuri, daraja inakimbia. Niligombeza ordinatere, kompyuta ya biro, kama mutu.

Saa ya chai, Mama Furaha mwenye anatupikiaka pa biro alisimama nyuma yangu. Yeye ni wa kule. Alikimbia vita, sasa anakaa Mudzipela.

"Kanisa yenye unashika ni ya mupya," akasema. "Ya zamani iliungua, wakajenga ingine ngambo ya barabara. Ile ya karte yako ilikuwa pa miti hii. Mimi niliolewa mule."

Nikaweka alama pa miti yake. Karte yote ikalala. Siku tatu, na jibu ilikuwa inaniletea chai.

Nilipaswa kufurahi. Lakini karte ya mwezi uliopita, ya mashamba ya jirani, niliifunga na alama tatu tu, na kanisa ile ya mupya ilikuwa moja yazo. Ordinatere iliandika kosa sufuri, siye wote tukapiga mikono. Na alama tatu inaandikaka vile kila mara, hata ukidanganya, juu hakuna ya ine ya kuonyesha kosa.

Shefu alisha kuisaini. Kesho wanaanza kupimia watu mashamba nayo.

Sijaambia mutu.